Kizibao cha Vifuko: Namna ya Kubeba na Kupanga Zana za Mwindaji

Mabibi na mabwana, wawindaji bingwa, wasoma nyayo, askari wa wanyamapori na wengine wote mliofika kusikiliza, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nitazungumza juu ya kizibao cha kubebea zana, kile kinachovaliwa juu ya nguo na chenye safu za mikanda midogo ambazo mwindaji hupachika vifuko na kuvipachua kulingana na safari anayokwenda. Natamka mapema msimamo wangu. Kizibao kinapaswa kubeba vile tu ambavyo mwenye kukivaa atavihitaji hata akitengana na wenzake, gari na begi lake, na kila kimoja kikae mahali ambapo mkono unakifikia bila macho kuondoka kwa mnyama, wala kwa mwenzake anayetembea mbele. Anayekinunua ili aongeze mzigo atachoka mapema na atakuwa hatari kwa walio karibu naye.

Chimbuko lake ni jeshini, na inafaa kulijua kwa sababu kero zilizowasumbua askari wa zamani zingali zikimsumbua mwindaji. Katika karne ya 19 risasi zenye maganda ya shaba zilipobebwa katika mikanda ya ngozi zilishika kutu ya kijani, kwa kuwa dawa zilizomo ndani ya ngozi ziliila shaba, na ganda lenye kutu hukwama ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Anson Mills, afisa wa jeshi la Marekani, alitafuta suluhisho kwa kubuni mkanda wa risasi uliofumwa kwa uzi, na kazi yake ndiyo iliyozaa kampuni iliyowatengenezea Waingereza mikanda na vifuko vya pamba vya mwaka 1908, ambavyo askari wao walikwenda navyo katika Vita Kuu ya Kwanza. Nawaomba wanaopenda mkanda wa ngozi wa kizamani wasilipuuze jambo hili. Ngozi inapendeza na inadumu, lakini risasi zisilale ndani yake kutoka msimu hadi msimu. Zitolewe, zifutwe na zirudishwe katika kasha lake.

Pamba nayo ilikuwa na ubaya wake, maana hunyonya maji, huwa nzito na huchelewa kukauka. Mwaka 1973 jeshi la Marekani lilipitisha mfumo wa nailoni uliojulikana kwa kifupi kama ALICE, ambao vifuko vyake vilishikizwa mkandani kwa vibanio vya chuma. Vibanio hivyo vilishika vema, ila viligonga, na kifuko hakikuwa na uhuru wa kukaa popote mvaaji atakapo. Mnamo 1997 ukaja mfumo wa MOLLE, ambao ndio baba wa vizibao vyote tunavyoviona leo madukani, vikiwemo vinavyouzwa kwa wawindaji.

Naomba niueleze mfumo huo kwa makini, kwa sababu wengi wanaoutumia hawaufungi sawasawa. Mikanda ya nailoni yenye upana wa inchi 1, yaani milimita 25 hivi, hushonwa kwa safu za mlalo zinazoachana inchi 1, na kila mkanda hupigwa mshono wa wima kila baada ya inchi 1 na nusu, hivyo kunatokea vipito vidogo vilivyolingana kila upande. Kifuko nacho kina mikanda ya aina hiyohiyo mgongoni mwake, pamoja na ndimi ndefu zinazoning'inia. Ulimi huingizwa chini ya mkanda wa kwanza wa kizibao, ukarudishwa chini ya mkanda wa kifuko chenyewe, ukaingia tena chini ya mkanda unaofuata wa kizibao, na kuendelea hivyo hadi chini, ambako hufungwa kwa kifungo cha kubonyeza. Mtu mwenye haraka huupitisha ulimi katika mikanda ya kizibao peke yake, akaruka ile ya kifuko. Kifuko kitashika, lakini kitaning'inia na kupigapiga kifua kila hatua, na siku ya kukimbia kitampiga mbavu. Kilichofungwa vema kinakaa kama kimeshonwa hapo kiwandani, na ukikivuta kinavuta kizibao kizima.

Kwa vile vipimo ni vilevile kwa watengenezaji wengi, vifuko vya kampuni moja hukaa juu ya kizibao cha kampuni nyingine. Faida yake ni kwamba mwindaji anaweza kuwa na kizibao kimoja na seti kadhaa za vifuko: moja ya ndege, moja ya swala, moja ya kazi ya doria. Hata hivyo sishauri kubadilisha nafasi za vitu mara kwa mara, na sababu yake nitaieleza hivi punde.

Sasa, askari na mwindaji hawana haja sawa. Askari akishafyatua risasi ya kwanza hajali tena kelele za vifuko vyake, ilhali mwindaji hutumia saa nyingi akisogea kimyakimya kumkaribia mnyama mwenye masikio makali kuliko yake. Hapo ndipo velkro, yaani kile kifungio cha vitambaa viwili vinavyonatana kwa vikulabu vidogo, inapokuwa adui. George de Mestral, mhandisi wa Uswisi, alipata wazo la kuibuni mwaka 1941 baada ya kurudi kutoka kuwinda na mbwa wake na kukuta vijimbegu vyenye vikulabu vimenata katika nguo zake na manyoya ya mbwa. Kitu kilichozaliwa katika uwindaji kimegeuka kuwa mojawapo ya vinavyouharibu zaidi, kwa sababu mlio wake wa kupasuka hausadikiki kwa mnyama yeyote kuwa ni sauti ya porini. Vifuko vinavyofunguliwa wakati wa kunyemelea viwe na mfuniko wa kamba ya mpira au kifungo cha kuchomeka. Wapo wanaopendelea mifuniko ya sumaku kwa ukimya wake, nami naikubali kwa sharti moja, kwamba isikae karibu na dira, kwani sumaku itaupotosha mshale wake.

Kitambaa chenyewe pia kina sauti. Uzito wa uzi wa nailoni hupimwa kwa denieri, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000, na vizibao vingi hutengenezwa kwa nailoni ya denieri 500 au 1,000. Ile ya 1,000 haichaniki upesi kwa miiba ya migunga, lakini ni nzito na hukwaruza inapopita vichakani. Kwa maoni yangu, denieri 500 inamtosha mwindaji anayetembea.

Nije kwenye uzito. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu, ukaonyesha kwamba waliweza kubeba, kichwani au kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu, jambo ambalo askari waliobeba mabegi mgongoni hawakuliweza hata kidogo. Walifikia hapo kwa mwendo waliojifunza tangu utotoni, na wala sidai kwamba mwindaji abebe risasi kichwani. Ninachokiona katika matokeo hayo ni ukumbusho kwamba mahali mzigo unapokaa mwilini kuna uzito wake pia. Mzigo ulio karibu na mstari wa uti wa mgongo na unaoshukia nyongani huchosha kidogo; ule unaoning'inia mbele ya kifua humlazimisha mtu kuegemea nyuma, na ukibebwa na mabega peke yake hubana mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi hadi vidole vikafa ganzi. Vidole hivyo ndivyo vitakavyogusa kifyatulio. Kwa hiyo kizibao kizuri kina mkanda mpana wa kiunoni unaokazwa kwanza, kabla ya mikanda ya mabegani, na vitu vizito kama maji na risasi hukaa chini, pembeni mwa kiuno.

Hesabu ya risasi nayo iwe ya kweli. Risasi moja ya shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba) ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, na kasha la risasi 25 hupita kilo 1. Lita mbili za maji ni kilo 2. Ukiongeza darubini, redio, kisu na tochi, tayari umebeba mzigo wa kutosha kabla hujaigusa bunduki. Zamani mambo yaligawanywa kwa wengi. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909, msafara wake ulikuwa na mamia ya wapagazi, na bunduki za akiba zilibebwa na watu maalumu. Hata leo katika vitalu vya uwindaji wa kitalii nchini Tanzania wasoma nyayo hubeba maji na magongo ya kuegemezea bunduki, na hilo ni sawa. Lakini nyati aliyejeruhiwa akiwatawanya watu, aliyebeba maji atakimbilia huku na mgeni atakimbilia kule. Risasi za akiba, vifaa vya huduma ya kwanza, taa na chombo cha mawasiliano ni mali ya mwili wa kila mmoja.

Katika mpangilio, mkono unaofyatua haupaswi kuiacha bunduki isipokuwa kwa ajili ya kujaza risasi. Kwa hiyo anayelenga kwa bega la kulia aweke risasi upande wa kulia wa kiuno kama anajaza kwa mkono wa kulia, na vitu vingine vyote, darubini, redio, mfuko wa majivu wa kupimia upepo, viwe chini ya himaya ya mkono wa kushoto. Risasi zielekezwe upande mmoja zote, ncha chini, ili vidole vizishike kwa namna ileile kila mara. Mahali ambapo kitako cha bunduki hukaa begani pasiwe na kifuko, bizimu wala mkanda mnene, kwa kuwa kitako kisichokaa sawasawa huharibu shabaha na huumiza. Mbele ya tumbo pabaki patupu kwa ajili ya siku ya kutambaa.

Kuna kosa moja ambalo siwezi kulipita haraka. Mtu anayemiliki shotigani za geji 12 na geji 20 asichanganye kamwe risasi zake katika kizibao kimoja. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza ikapita chemba na kukwama ndani ya mtutu. Mwindaji hufikiri hajaweka kitu, akaongeza risasi ya geji 12 nyuma yake, akafyatua, na mtutu ukapasuka karibu na mkono unaoushika. Ndiyo maana viwanda vya Marekani hutengeneza risasi za geji 20 kwa rangi ya njano, lakini alfajiri rangi haionekani, na mkono hautofautishi njano na nyekundu. Kila geji iwe na seti yake ya vifuko, na vifuko hivyo vikaguliwe hadi chini kabla ya kuondoka nyumbani.

Mkanda wa kubana jeraha linalovuja damu nyingi ukae katikati ya kifua au mahali popote ambapo mikono yote miwili, kila mmoja kwa peke yake, inaweza kuufikia, maana hatujui ni mkono upi utakaojeruhiwa. Wenzako wote wajue ulipo. Na hapa ndipo penye sababu niliyoiahidi ya kutohamisha vitu: mkono hujifunza mahali kwa kurudia, na ukiuhamishia vitu kila wiki, siku ya hofu utakwenda pale pa zamani.

Rangi ni suala la sheria na la wadudu. Jimbo la Colorado, Marekani, humtaka anayewinda wanyama wakubwa kwa bunduki avae rangi ya machungwa au ya waridi inayong'aa, isiyopungua inchi za mraba 500 juu ya kiuno, kofia ikiwemo, na ionekane kutoka pande zote. Ukipachika vifuko vya kahawia juu ya kizibao cha machungwa unaifunika rangi inayokulinda, na pengine unavunja sheria bila kujua. Vifuko navyo viwe vya rangi hiyo. Kwa wawindaji wa bata mzinga wa porini huko Marekani ni kinyume chake: nyekundu, nyeupe na buluu huepukwa, kwa kuwa ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine anaweza kulenga rangi badala ya ndege.

Huku kwetu, kwenye mapori yenye ndorobo, buluu na nyeusi ndizo zinazowavuta wadudu hao, na mitego ya kuwakamatia hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Kizibao cheusi cha mtindo wa kipolisi ni mwaliko kwao. Chagua kaki au kijani iliyofifia. Na mabaka ya kijeshi yasivaliwe kabisa. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake, na Kenya na Uganda nazo haziruhusu raia kuyavaa. Mgeni anayekuja kuwinda ajulishwe hili kabla hajafunga sanduku lake, kwa sababu kizibao alichokinunua kihalali kwao kinaweza kumletea matatizo uwanja wa ndege.

Mwishowe, kizibao kijaribiwe kabla ya msimu. Hakikisha bunduki ni tupu na mwenzako naye aihakikishe, weka risasi za bandia, vaa kila kitu kama utakavyokivaa porini, kisha fumba macho na utaje kwa sauti kila kitu unachokigusa. Tembea nacho saa mbili, panda kilima, lala kifudifudi, piga goti, ruka korongo. Kitakachogonga kifungwe upya, na ambacho hukukigusa hata mara moja, wala hakihusu usalama wako, kitolewe. Nipo tayari kwa maswali, na vizibao vilivyo mezani mnaweza kuvishika na kujaribu kufunga vifuko wenyewe.