Nakata: katundika daluga na miaka 29, jina bado linatembea

DULLA: Haya tumerudi. Leo Zai kanilazimisha tuongelee mtu aliyeacha mpira 2006, wengine humu mlikuwa bado mnanyonya.

ZAI: Hidetoshi Nakata, kiungo wa Japan, na heshima tafadhali.

DULLA: Namheshimu, ila niambie ukweli, nyie mnampenda kwa mpira au kwa zile nywele?

ZAI: Vyote! Kombe la Dunia 98 kaja Ufaransa kichwa kimepigwa blichi, sawa, lakini miezi michache baadaye mechi yake ya kwanza ya ligi Italia, yuko Perugia, timu imetoka kupanda daraja, anakutana na Juventus bingwa mtetezi na anawatia mbili. Perugia wamefungwa 4-3 lakini nani alijali, Wajapani wakaanza kupanda ndege mpaka kamji kale ka mlimani kumtazama tu.

DULLA: Mimi aliniua Roma. Maana pale alikuwa anakaa benchi, namba yake ina Totti, utamtoa vipi Totti Roma?

ZAI: Kocha Capello akamtoa!

DULLA: Ngoja nisimulie, usiniharibie. Mei 2001, Turin kwa Juventus, Roma wanaongoza ligi, dakika ya 6 tu wameshapigwa mbili, Del Piero na Zidane. Na Nakata mwenyewe kuwepo pale ni bahati, ile sheria ya kubana wachezaji wa nje ya Ulaya ndo imetoka kulegezwa siku chache kabla. Kipindi cha pili Totti anatoka, anaingia yeye. Dakika ya 79 anakokota kidogo, anaachia shuti la mbali, nyavu. Mwishoni kabisa anapiga tena, kipa Van der Sar anautema, Montella wa Roma huyo hapo, 2-2. Mwezi uliofuata Roma bingwa. Shabiki wa Roma umuulize Nakata kafunga mabao mangapi, hajui, anakuambia lile la Turin.

ZAI: Sasa linganisha na Dortmund, Kombe la Dunia 2006. Brazil kawapiga 4-1, Japan nje, wenzake wanaondoka, yeye kalala chali katikati ya uwanja, dakika zinapita, hanyanyuki. Watu wakadhani ni uchungu wa kufungwa. Siku kama kumi na moja baadaye anaandika kwenye tovuti yake kwamba basi. Miaka 29!

DULLA: Wakati wengine ndo wanasaini mkataba mnono wa Uarabuni.

ZAI: Yeye akashika begi, akazunguka dunia, akarudi kwao akapita mikoa yote 47 anakaa na mafundi wa vyungu na wapika sake, ile pombe yao ya mchele. Leo sake ndo biashara yake. Mi naona ndo maana hachuji, hatukuwahi kumwona anakimbia kwa kuchechemea.

DULLA: Hapo unanisema mimi. Nina 34 na bado natafuta namba kwenye ndondo.

ZAI: Na hupati. Weka voisi noti ya kwanza hapo.