Waliocheka "kinife" yangu hawakujua wanacheka nini

Haya jamani sogeeni mbele, huko nyuma najua mnaivizia chai tu.

Mimi darasa la tano nilisimamishwa nisome, nikafika kwenye "knife" nikasoma kama nilivyoiona, kinife, basi darasa zima likaangua kicheko na jina likaniganda mpaka namaliza shule. Kumbe bwana, Mwingereza wa miaka 600 iliyopita angeshangaa wanacheka nini! Ile k ilikuwa inatamkwa kabisa. "Knight" walikuwa wanaisoma yote, k inasikika, na hiyo gh inakaribiana na kh yetu ya kwenye kheri. "House" ilikuwa huus. "Name" ilikuwa kama naama, yaani ukiisoma Kiswahili-Kiswahili unamkaribia Chaucer, yule mshairi wa Kiingereza wa enzi hizo, kuliko mtangazaji wa redio wa leo.

Sasa ikawaje? Kuanzia kama 1400 hadi 1700 hivi zile irabu ndefu zikaanza kuhama kwenye midomo ya watu, pole pole, mjukuu hatamki kama babu, na katikati ya hiyo hamahama, 1476, William Caxton akaleta mashine ya kuchapa pale Westminster. Vitabu vikatapakaa, spelingi ikaanza kugandishwa, lakini midomo haikuambiwa isimame. Ndo maana tunateseka na imla mpaka leo.

Caxton mwenyewe alilalamika jamani. Mwaka 1490 aliandika kisa cha wafanyabiashara waliokuwa wanakwenda Zeeland, kule Uholanzi, upepo ukakata wakakwama kwenye mto Thames, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja akamwomba mama wa pale "egges". Mama akamjibu, samahani, mie sijui Kifaransa. Jamaa akapandwa na hasira maana na yeye Kifaransa hakijui hata kidogo! Mpaka mwenzake akasema wanataka "eyren", mama akasema aaah, hapo nimekuelewa.

Yai hilohilo moja, na wote ni Waingereza. "Eyren" ndo ya wazawa, "egges" ililetwa na Waviking, wale mabaharia wa Skandinavia, waliovamia wakahamia huko kaskazini mamia ya miaka nyuma, na mnaona wenyewe nani kashinda. Leo nenda London umuombe mtu "eyren" uone kama hajakuuliza umetokea nchi gani.

Eeh, dada pale dirishani umenyoosha mkono, uliza.