Kikombe cha mfuto, kikombe cha lumbesa

KASSIM: Assalaam alaykum, Da Zuhura.

ZUHURA: Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Sauti imekukauka.

KASSIM: Vumbi la Monduli. Nimeshuka jana usiku: Arusha, Same, Korogwe, Segera, mpaka Tanga mgongo hauna hali. Nilikwenda kwa shemeji.

ZUHURA: Yule wa trekta?

KASSIM: Huyo huyo. Safari hii ni shayiri. Watafiti wamempa mbegu mbili azijaribu, moja ndefu na moja fupi kwa bua. Kila mbegu ina ploti tatu: moja haitiwi mbolea ya urea kabisa, moja nusu ya kiwango, moja kiwango kamili. Ploti sita, kila moja mita 4 kwa 5. Na wakulima wenzake wana sita zao.

ZUHURA: Sisi huku shayiri tunaijua kwenye supu ya shurba, mwezi wa Ramadhani. Kule wanaifanyia nini?

KASSIM: Inauzwa kwa watengeneza kimea cha bia. Na mnunuzi wa kimea hataki punje yenye protini nyingi. Ukizidisha naitrojeni, ile iliyomo kwenye urea, protini inapanda, na bua linakua laini, mvua ikipiga shayiri inalala. Sasa nimefika, ploti ya tano imelala chini yote. Masuke yamebanwa kwenye tope, ndevu zimeshikana kama nywele zilizolowa. Nikamuuliza, hii ni ipi? Akasema mbegu ndefu, kiwango kamili.

ZUHURA: Basi mbegu ndefu haifai.

KASSIM: Ngoja. Siku ya kutia mbolea ya kukuzia, kifuko cha ploti ile kilipasuka, urea ikamwagika kwenye maji. Kilikuwa na gramu 260, zimepimwa kwa mizani. Shemeji akaingia ndani, akachota urea yake kwa kikombe cha chai. Vikombe viwili.

ZUHURA: Vya mfuto, vilivyofutwa juu, au vya lumbesa, vyenye kilima?

KASSIM: Hilo ndilo swali! Nimemwambia achote tena vile vile, tukaenda navyo kwenye mizani ya duka. Kikombe cha mfuto, gramu 180. Cha kwake, 230. Alitia vya lumbesa vyote viwili, gramu 460.

ZUHURA: Bibi yangu aliuza mchele Ngamiani miaka mingi kwa pishi. Alikuwa anajaza, anafuta juu kwa kiganja, fyuu, halafu anachota konzi moja anaongeza. Pishi ya mfuto na nyongeza. Mteja asipoiona ile konzi haondoki. Hata ukimpimia haki yake yote, atasimama pale pale anakutazama mkono.

KASSIM: Mama naye hivyo hivyo kwa dagaa.

ZUHURA: Na muuzaji asiyetoa nyongeza walimwita nani?

KASSIM: Bahili.

ZUHURA: Basi shemeji ameipa shayiri nyongeza. Mtu anayeipenda ploti yake ataipimiaje kama bahili?

KASSIM: Nyongeza yake ni gramu 200 kwa mita 20 za mraba. Kwa hekta ni kilo 100, mifuko miwili ya urea! Ile lumbesa peke yake, gramu 50 za kila kikombe, vikombe viwili, ni mfuko mzima kwa hekta.

ZUHURA: Na lumbesa ya gunia serikali imeikataza, lakini nani amekataza ya kikombe? Kila nyumba ina kikombe chake. Changu mimi ni kile cha bati, kikubwa...

KASSIM: Da Zuhura, turudi shambani. Mimi nasema ploti ya tano iandikwe kilichotokea, halafu itolewe kwenye hesabu. Hatujui imelazwa na mbegu au na kikombe. Ndiyo maana kuna wakulima wengi, ya mmoja ikiharibika za wenzake zinasema.

ZUHURA: Nakataa. Ile ndiyo ploti ya kweli kuliko zote. Watafiti wakiondoka na mizani yao, shemeji atabaki na nini?

KASSIM: Na kikombe.

ZUHURA: Basi mbegu ishindanishwe kwa kikombe! Mbegu isiyovumilia mkono wa mkulima, ya nini?

KASSIM: Lakini ile fupi haikutiwa vikombe viwili. Ilipata 260 zake, imesimama. Utailinganishaje na mwenzake aliyelishwa karibu mara mbili? Hiyo ni dhulma kwa mbegu ndefu. Na shemeji anaitaka ndefu, mabua yake analisha ng'ombe.

ZUHURA: Basi zote mbili zitiwe lumbesa.

KASSIM: Hilo ni jaribio jingine, lipangiwe ploti zake. Usilichomeke ndani ya hili.

ZUHURA: Wewe unataka kuijua mbegu. Mimi nataka kumjua shemeji atavuna nini.

KASSIM: Huwezi kujua la pili bila la kwanza.

ZUHURA: Sikubali.

KASSIM: Wala mimi.

ZUHURA: Dakika za kipindi zimekwisha. Ulikuwa na mambo matatu ya kuwaambia wakulima wa Lushoto kuhusu kujipangia ploti.

KASSIM: Nimeyaandika hapa. Hata la kwanza sijaligusa.

ZUHURA: Yakae. Umeleta shayiri?

KASSIM: Mfuko mdogo, ya msimu uliopita. Ya shurba.

ZUHURA: Kiasi gani?

KASSIM: Vikombe vinne. Vya mfuto.

ZUHURA: Na nyongeza?