Jemadari Roberts: mizinga, nishani na "makabila ya kivita"

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mtu ninayemzungumzia jioni hii huenda hamjawahi kumsikia. Lakini kama babu yako alichukuliwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, au alirudishwa nyumbani mlangoni, fikra za mtu huyu zilikuwamo.

Frederick Roberts alizaliwa Kanpur, India, mwaka 1832, baba yake akiwa ofisa wa jeshi. Naye akaingia kikosi cha mizinga cha Bengal, na maasi ya 1857, askari wa Kihindi walipowageukia Waingereza, yakamkuta huko. Tarehe 2 Januari 1858, mahali paitwapo Khudaganj, alimwokoa askari farasi wa Kihindi aliyekuwa karibu kuchomwa singe. Kisha akawafukuza waasi wawili waliokuwa wakitoroka na bendera. Wakati anaing'ang'ania bendera ile, mmoja wao akamwekea bunduki mwilini, akafyatua. Haikulia. Kwa matendo ya siku ile alipewa Victoria Cross, nishani kubwa kuliko zote za ushujaa Uingereza. Ujasiri wake siutilii shaka, wala sikuja hapa kuubeza.

Mwaka 1868 alikuwa Zula, pwani ya Bahari ya Shamu, akishughulikia mizigo ya jeshi lililopanda Magdala kumpiga Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Halafu akaenda kupigana na Walushai, watu wa milimani mashariki ya India. Tusikawie huko, twende Afghanistan.

Septemba 1879 balozi wa Kiingereza aliuawa Kabul. Roberts akaingia mji ule na jeshi, akasimamisha miti ya kunyongea penye magofu ya ubalozi, na makumi ya Waafghani wakanyongwa. Hata Uingereza kwenyewe walikuwapo waliolipinga jambo hilo hadharani.

Mwaka uliofuata, tarehe 27 Julai, Ayub Khan, mwana wa mfalme wa Afghanistan, aliivunja brigedi ya Waingereza huko Maiwand, kisha akaizingira Kandahar. Roberts akatoka Kabul na askari kama 10,000, pamoja na maelfu ya wapagazi na watumishi. Yeye, mtu wa mizinga, aliiacha nyuma mizinga yote ya kukokotwa na farasi. Alichukua ile midogo ya milimani, inayofunguliwa vipande vipande na kufungwa juu ya baghala, yaani nyumbu wa kufugwa, si yule wa Serengeti. Mnyama huyu kabeba mtutu, yule kabeba magurudumu. Wakatembea kilomita 500 kwa muda wa wiki tatu hivi, mchana jua kali, usiku baridi. Tarehe 1 Septemba Ayub Khan akashindwa.

Mizinga iliyotekwa siku ile iliyeyushwa, shaba yake ikafanywa nishani ya nyota kwa waliotembea safari hiyo. Farasi wa Roberts naye alivishwa nishani, kwa amri ya Malkia Victoria. Farasi huyo aliitwa Vonolel. Hilo lilikuwa jina la chifu wa Walushai. Jina la mkubwa wa watu, likapewa mnyama wa kutiwa matandiko! Jambo hili huniuma kila ninapolisoma.

Mwaka 1881 alikabidhiwa jeshi la Madras, na kuanzia 1885 hadi 1893 akawa jemadari mkuu wa India nzima. Hapa ndipo alipoacha alama nzito kuliko nishani zote. Aliamini kwamba watu wengine huzaliwa wapiganaji: Masingasinga, Wagurkha, Wapathani. Watu wa kusini, wa Madras, aliwaona wamelegea. Wakaanza kupunguzwa jeshini, ingawa mwaka 1857 ndio ambao kwa sehemu kubwa hawakuasi. Kipimo hicho kikafika kwetu. Wakamba na Wakalenjin wakaitwa makabila ya kivita, na majirani zao wakaambiwa hawana damu hiyo.

Desemba 1899 mwanawe wa kiume alijeruhiwa Colenso, Afrika Kusini, akijaribu kuokoa mizinga, akafa. Naye akapewa Victoria Cross, akiwa kaburini. Mzee wa miaka 67 akapanda meli kwenda kuiongoza vita ileile ya Waingereza na Makaburu, na Juni 1900 akaiteka Pretoria. Chini yake ndipo uchomaji wa mashamba ya Makaburu uliposhika kasi. Kitchener, aliyempokea uongozi, akauendeleza, na katika kambi walikofungiwa raia wakafa Makaburu zaidi ya 26,000, wengi wao watoto, na Waafrika wasiopungua 14,000.

Mwanzoni mwa Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari kama 8,000 wa Uingereza, wengi wao Wahindi, waliteremka Tanga, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Miongoni mwao kilikuwamo kikosi cha Madras. Kilipovunjika kikakimbilia ufukweni, kikabebeshwa lawama kwa sababu ya asili yake. Waliowashinda hawakuzidi sana 1,000, na wengi wao walikuwa askari weusi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani.

Siku chache baadaye Roberts, akiwa na miaka 82, alivuka kwenda Ufaransa kuwatazama wanajeshi wa Kihindi waliokuwa kwenye mahandaki, wengi wao wa makabila aliyoyachagua yeye. Akashikwa na nimonia, akafia Saint-Omer tarehe 14 Novemba.