Tupime Kile Wanachokunywa Watu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, karibuni.

Mwaka 2011 hapa Arusha habari ilikuwa moja: kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alichemsha mizizi ya mugariga, akagawa kikombe kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikawa haina mwisho. Wale walikuwa wagonjwa. Walistahili kujua kikombe kile kinafanya nini mwilini.

Sasa tazameni tunavyofanya maabara tunapopima dawa ya mizizi. Mzizi unakaushwa kivulini, unasagwa, unalowekwa kwenye methanoli, aina ya spiriti yenye sumu isiyonyweka, siku kadhaa, unachujwa, methanoli inavukizwa. Kinachobaki tunakichanganya na kemikali iitwayo DPPH, yenye zambarau iliyokolea, tunakiacha gizani nusu saa. Antioksidanti, yaani vitu vinavyozima kemikali haribifu mwilini, zikiwemo, zambarau inageuka njano. Mashine inapima zambarau iliyobaki kwa mwanga wa nanomita 517, na vitamini C inawekwa pembeni ya kulinganishia. Ni jambo zuri kulitazama, sikatai. Lakini hata chai ya rangi mnayokunywa asubuhi inaififisha zambarau hiyo. Chupa ya kioo haina tumbo wala ini.

Kupima kama dawa inapunguza uvimbe, tunatumia panya. Anadungwa kwenye unyayo karajinani, utomvu unaotokana na mwani kama ule wanaolima ndugu zetu wa Zanzibar. Unyayo unavimba, na kati ya saa ya tatu na ya tano uvimbe unafika kileleni. Kundi moja la panya linapewa maji matupu, jingine diklofenaki, dawa ya hospitali ya kupunguza uvimbe, jingine dawa yetu ya mizizi. Hapa pana jambo linalonisumbua: kwa kawaida dawa hutolewa kabla ya kudunga, wakati mama wa Ngaramtoni anakuja kwa mganga goti limeshavimba wiki nzima. Basi tuwape na panya waliokwisha kuvimba, tuone.

Kinachonisumbua zaidi ni methanoli. Hakuna bibi anayechemsha dawa kwa methanoli! Methanoli inatoa mzizini vitu ambavyo maji huviacha, na moto nao unaweza kuharibu vingine. Kazi yangu ya kwanza niliifanya kwa methanoli peke yake. Nikapata matokeo mazuri ya dawa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuinywa. Mzee aliyenipa mizizi aliniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo yangu inafanya kazi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo vijana, kabla ya kuagiza kemikali, nendeni mkakae jikoni kwa mganga. Mizizi mibichi au mikavu? Konzi ngapi? Sufuria ya lita ngapi, moto wa kuni au mkaa, inachemka mpaka maji yapungue kiasi gani? Anamkataza nani asinywe, mjamzito, mtoto? Andikeni yote. Sufuria hiyo ndiyo iwe sampuli ya kwanza, methanoli ifuate. Na panya hao hao mpime ini na figo zao pia.

Wazee, mliokuja na mizizi yenu, naomba tuanze na ninyi. Nani ataniambia anachemsha kwa muda gani?