Bomba la choo limeziba wapi? Piga kamera kabla hujavunja tailizi

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena site. Leo tupo Tabata kwenye nyumba ya wapangaji, choo cha ndani kila wakiflashi maji yanapanda mpaka ukingoni afu yanashuka kidogo kidogo. Mama mwenye nyumba ameshavunjiwa tailizi za bafuni mara mbili na mafundi tofauti, na shida iko pale pale, yaani inaniuma kwa kweli maana tailizi ni hela na shida wala haikuwa bafuni. Twende pamoja.

Kwanza kabisa kamera iache kwenye boksi lake. Funua chemba zote, yale mashimo yenye mfuniko kwenye njia ya maji taka, anza na ile iliyo jirani na septiki tanki urudi kuelekea nyumbani. Ya mwisho ikiwa imejaa, angalia tanki kwanza, pengine limejaa tu na mnahitaji gari la kunyonya, ukipiga kamera hapo umemlia mtu hela yake bure. Sisi hapa ya mwisho kavu, ya katikati kavu, hii ya karibu na nyumba imejaa mpaka juu, kwaiyo tunajua pamezibia kati ya hii na ile ya katikati. Vaa glavu na buti. Na nawaomba sana, ukifunua tanki usiinamie na usishuke hata kama kuna kitu kimedondoka, hewa ya mle inaua, na anayeshuka kumtoa mwenzie mara nyingi naye anabaki humo humo.

Sasa pitisha springi ya kuzibulia mpaka maji yashuke, kwasababu kamera ndani ya maji ya tope haioni kitu. Afu mwaga ndoo mbili tatu za maji safi. Muangalie springi imerudi na nini, hii yetu imerudi na nyuzi nyuzi kama katani iliyolowa, nyeusi. Kumbukeni hizi nyuzi.

Haya, kamera. Kichwa chake ni kama kidole gumba, kina taa kuzunguka lenzi, waya mita 30. Weka kichwa kwenye mdomo wa paipu ndani ya chemba hii afu ndo urudishe hesabu ya mita kwenye sifuri, hapa wengi wanasahau wanakuja kuchimba mita nzima pembeni. Bonyeza rekodi. Sukuma taratibu, ikigoma usilazimishe, hii siyo springi, rudi nyuma kidogo zungusha waya ujaribu tena, lenzi ikichafuka mwenzio amwage maji. Ukiona kitu taja mita kwa sauti ili iingie kwenye video, na useme kipo upande gani, mimi natumia mshale wa saa, juu ya paipu ni saa sita, chini ni saa kumi na mbili.

Tazameni skrini. Mita 3, jointi nzima, maji yanatambaa chini kaufito kembamba, safi. Mita 4 na nusu maji yanaanza kupanda, saivi nusu ya lenzi imezama, mnaona vile vichembe vinaelea mbele ya taa? Fundi mwenye haraka atasema hapa pana bonde, paipu imelala, tufukue yote tupange upya. Subiri kwanza. Maji yaliyosimama yanaweza kuwa ni bonde kweli, au kuna kitu mbele kimeyazuia, na kwenye skrini vyote viwili vinafanana. Endelea. Mita 6 na sentimita 20, haya, saa sita kwenye jointi, mizizi inaning'inia kama ndevu, na karatasi za chooni zimejishika humo. Ndo zile nyuzi.

Toa kamera, rudisha springi yenye kisu, kata mizizi, flashi choo mara tatu, afu rudi na kamera pale pale mita 4 na nusu. Pakavu! Kwaiyo mteremko hauna shida, paipu ya inchi 4 tunaipa sentimita 2 na nusu kila mita na huyu aliyelaza alipima vizuri. Maji yangebaki yamesimama baada ya kukata, hapo sawa, tungesema bonde.

Kwa wengine, mafuta ya jikoni utayaona meupe yameganda pembeni, na jointi iliyoachia utaona kama mwezi mchanga upande mmoja na udongo unachungulia.

Kukata mizizi peke yake haitoshi, itarudi. Rudisha kichwa cha kamera kwenye jointi ile ukiache hapo hapo, ndani yake kuna kitoa mawimbi cha hezi 512, huku juu unatembea na lokata, kile kifaa cha kunasa hayo mawimbi, inapolia kwa nguvu zaidi weka kigingi. Hakikisha na futi kamba toka kwenye chemba, kama paipu imenyooka vipimo vikaribiane.

Tumechimba shimo dogo tu la kuingia mtu mmoja. Oneni jointi, gundi haikupakwa kabisa, iliingizwa kavu, na mzizi wa mwarobaini umepita. Kata kipande, weka kipya, paka gundi pande zote, iache ikauke. Usifukie bado. Pitisha kamera tena, mtu aflashi ndani, ukiona maji yamepita kwenye jointi mpya bila kusimama na nje pakavu, ndo umwambie kijana arudishe udongo.