Msikiti chini ya msikiti: Shanga ya kisiwa cha Pate

ZUHURA: Assalaam alaykum, mpenzi msikilizaji, karibu tena kwenye kipindi chetu cha miji ya kale ya pwani. Mimi ni Zuhura, na kama kawaida niko na kaka yangu Bakari.

BAKARI: Wa alaykum salaam, dada Zuhura. Wakubwa shikamooni, vijana wenzangu habari zenu.

ZUHURA: Leo hatuendi Kilwa wala Gedi. Tunakwenda Shanga, pwani ya kusini ya kisiwa cha Pate, visiwa vya Lamu. Wengi wetu hatujawahi kufika, kwa sababu hakuna barabara. Unapanda mashua, unasubiri maji yajae, au unashukia Siyu na kuendelea kwa miguu porini.

BAKARI: Na ukifika, unakuta nini?

ZUHURA: Kuta za mawe ya matumbawe zimefunikwa na miti. Nyumba za mawe zinapita mia mbili, kuna makaburi mengi sana, na katikati upo msikiti wa Ijumaa. Mji ule ulihamwa takriban mwaka 1425, haukukaliwa tena. Tarikhi ya Pate, yaani ile historia ya zamani ya mji wa Pate, inasimulia kwamba Shanga ilishindwa na Pate.

BAKARI: Sasa hapo naomba nikukatize. Magofu ya mawe tunayo pwani nzima, kuanzia kwetu Kilwa hadi Somalia. Kwa nini Shanga?

ZUHURA: Kwa sababu ya kilichokuwa chini ya mawe. Mwaka 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alianza kuchimba pale kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kazi ikaendelea miaka minane. Wachimbaji wengi waliotangulia pwani hii walikuwa wakifuata kuta. Ukuta ukiuona unausafisha, unaupima, unauliza nani aliujenga. Yeye akachimba ndani ya ule msikiti wa Ijumaa, akashuka chini ya sakafu.

BAKARI: Akakuta msikiti mwingine.

ZUHURA: Akakuta msikiti wa mawe mdogo zaidi na wa zamani zaidi. Chini yake tena, majengo ya miti na udongo, moja juu ya jingine, mpaka la kwanza kabisa la takriban mwaka 780.

BAKARI: Mia saba na themanini... ngoja. Mwaka 780? Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alifariki mwaka 632. Hiyo ni miaka mia moja na hamsini tu baadaye!

ZUHURA: Ndiyo maana nikasema leo ni Shanga.

BAKARI: Lakini dada, jengo la miti lililokaa ardhini miaka elfu moja na mia mbili, na mchwa wa pwani hii tunawajua. Mtu anajuaje kwamba lilikuwapo?

ZUHURA: Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko zote. Sikiliza. Nguzo ukiichimbia chini, ukaiacha, itaoza au italiwa na mchwa. Lakini lile shimo lake halipotei. Udongo unaoingia mahali pa ule mti unakuwa laini na mweusi kuliko udongo wa pembeni ulioshindiliwa. Sasa mchimbaji anapiga magoti, anakwangua sakafu kwa mwiko, ule ule mwiko wa fundi mwashi, taratibu, kama unene wa ukucha kwa kila mkwanguo. Akinyunyiza maji kidogo, rangi inajitokeza. Anaona kiduara cheusi. Anasogea hatua moja, anaona kingine. Kila kimoja anakipima na kukichora kwenye karatasi, na vikishakuwa vingi unaona safu, halafu kona, halafu umbo la chumba.

BAKARI: Na chumba hicho tunajuaje kwamba ni msikiti? Nyumba ya miti ni nyumba ya miti. Pengine ni banda la mtu.

ZUHURA: Swali zuri. Kwanza, mahali. Watu hawakujenga misikiti yao kwa bahati juu ya banda la mtu, tena mara baada ya mara, kwa karne kadhaa, pale pale. Pili, mwelekeo. Majengo yale yalielekea upande wa kaskazini, upande wa kibla kwa sisi wa huku, ingawa ya mwanzo hayakulenga sawasawa na ya baadaye yakarekebishwa. Tatu, makaburi ya karibu: maiti amelazwa kwa ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla. Ukiyaweka pamoja hayo matatu, banda la mtu linaondoka.

BAKARI: Nimekubali. Na tarehe je?

ZUHURA: Mkaa uliobaki ardhini unapimwa umri wake maabara. Halafu kuna vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika. Katika matabaka ya mapema walikuta vipande vya mitungi yenye rangi ya buluu ya kijani kutoka Ghuba ya Uajemi, na vipande vya bakuli zilizochorwa za Changsha, Uchina, ambazo zilisafirishwa sana karne ya 9. Bakuli hizo zinajulikana zilitengenezwa lini, basi udongo uliozifunika hauwezi kuwa wa kabla yake.

BAKARI: Sasa dada Zuhura, mimi nataka niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu shuleni. Sisi tulifundishwa kwamba walikuja Waarabu na Waajemi, wakajenga miji, wakaoa wenyeji, ndipo Waswahili wakapatikana. Kwa mpangilio huo. Mji kwanza umeletwa kwa jahazi, watu baadaye.

ZUHURA: Na wachimbaji wakubwa wa zamani walisema karibu hivyo hivyo. Neville Chittick, aliyefanya kazi kubwa Kilwa na kuitolea kitabu mwaka 1974, alipochimba Manda, jirani tu na Shanga, aliona mji ule ulianzishwa na wageni kutoka Ghuba. Alichimba kwa uangalifu, siwezi kumvunjia heshima, na tunamtegemea mpaka leo. Lakini alikuwa akitazama kuta nzito na vyombo vya kigeni.

BAKARI: Kwa hiyo Shanga inasema nini tofauti?

ZUHURA: Inasema tuanze chini. Katika tabaka la kwanza hakuna nyumba ya mawe hata moja. Kuna vibanda vya miti na udongo, kuna kisima, kuna uwanja wa katikati. Na vyungu! Asilimia kubwa kabisa ya vigae ni vya vyungu vya wenyeji, vile vyenye mapambo ya pembetatu yaliyochorwa shingoni. Vya kigeni ni sehemu ndogo sana. Na vyungu vya mtindo huo huo vimepatikana kuanzia visiwa vya Lamu, Unguja, Kilwa, hadi bara mbali kabisa na bahari. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameufuatilia mtindo huo kwa miaka mingi, na ameonyesha mizizi yake kwa wakulima na wafua chuma wa huku huku.

BAKARI: Yaani yule mama aliyepika Shanga mwaka 780 na yule wa bara kule, vyungu vyao ni ndugu.

ZUHURA: Ndugu kabisa. Na mawe yalikuja polepole. Karne ya 10 wakaanza kujengea tumbawe laini linalokatwa baharini likiwa bichi, ambalo likikauka huwa gumu. Watu wale wale, mahali pale pale, walibadilisha miti kwa mawe. Hakuna tabaka ambapo kila kitu kinakatika na watu wapya wanaanza.

BAKARI: Sawa. Sasa mimi ni mtu wa Kilwa, na kwetu ukimuuliza mzee asili yake, wengi watakwambia ni Shirazi, yaani Uajemi. Bibi yangu alisema hivyo mpaka anaingia kaburini. Na mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba, yaani DNA, katika jarida la kisayansi la Nature. Walipima mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Profesa Chapurukha Kusimba alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi ile. Na walikuta damu ya Uajemi! Bibi hakuwa mwongo.

ZUHURA: Hakuwa. Na mimi nilifurahi sana kwa ajili ya wazee wote waliodharauliwa kwa kusema hivyo. Lakini endelea, taja na nusu ya pili.

BAKARI: Nusu ya pili ni kwamba upande wa mama, karibu wote ni Waafrika. Upande wa baba ndio wenye Uajemi mwingi. Uhindi nao upo, kidogo. Na kuchanganyika kwenyewe kulianza kwenye takriban mwaka 1000.

ZUHURA: Mwaka 1000. Na msikiti wa kwanza wa Shanga?

BAKARI: 780. Aah.

ZUHURA: Umeona? Miaka mia mbili na zaidi kabla. Yule mgeni wa Shirazi, alipofika pwani kuoa, alikuta watu wenye mji, wenye kisima, wengine wakisali. Hakuleta mji kwenye jahazi. Alipokelewa mjini.

BAKARI: Hilo ni zito. Lakini nami niweke angalizo. Waliopimwa, wengi walizikwa makaburi ya mawe, au karibu na misikiti. Hao ni wenye uwezo. Mvuvi aliyezikwa pembeni bila jiwe, mpika chumvi, mtumwa, hao hawamo kwenye hesabu. Mimi sitaki tuseme "Waswahili walikuwa hivi" kwa kupima mabwana peke yao.

ZUHURA: Nakuunga mkono kwa mikono miwili. Na ndiyo maana matabaka ya udongo yana haki yake: yanamhifadhi na yule asiye na jiwe. Chungu cha mvuvi kinavunjika na kubaki pale pale sawa na bakuli la tajiri.

BAKARI: Na la makaburi lenyewe, dada. Kwa desturi yetu kaburi halifukuliwi ovyo. Mimi natamani kila kazi ya namna hii ianze barazani, na wazee wa mji, kabla mwiko haujagusa ardhi. Waelezwe nini kitachukuliwa, kitakwenda wapi, kitarudi lini. Kwa lugha yao.

ZUHURA: Na matokeo yarudi kwa lugha yao pia. Kitabu kikubwa cha Shanga kilitoka mwaka 1996, kwa Kiingereza. Mtoto wa Siyu, ambaye magofu yako nyuma ya kijiji chao, angekisoma wapi? Inaniuma hiyo.

BAKARI: Tuna swali la msikilizaji hapa, anauliza: nikienda Shanga, nikaokota kigae kimoja tu kidogo, nitakuwa nimeharibu nini?

ZUHURA: Kigae kikiwa chini, mahali pake, kinatoa tarehe ya kila kitu kinachokizunguka. Kikiwa kwenye kabati la sebuleni ni kipande cha chungu tu, maana hakuna tena anayejua kilitoka tabaka gani. Kipige picha, kiache. Na ukipita Siyu tafuta mwenyeji akuongoze, wao ndio wanaojua njia na maji. Kama safari ya Pate ni ngumu, anzia Makumbusho ya Lamu, au Fort Jesus pale Mombasa.

BAKARI: Wiki ijayo tunavuka kwenda Pemba, Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari za dhahabu. Na dada Zuhura ameniahidi atatueleza kwa nini maneno ya upande mmoja wa sarafu zile yana vina na maneno ya upande wa pili.

ZUHURA: Wenye kupenda mashairi msikose. Tuonane wiki ijayo, inshallah.

BAKARI: Inshallah. Kwaherini.